Kufufua Land Rover 110 ya zamani ukiwa mgeni wa kazi: anza na maji, kisha breki

Habari za asubuhi watazamaji wangu, karibuni tena. Niko nyumbani Uyole, hapa Mbeya, ni mwezi wa sita na baridi yake mnaijua, spana ukiishika unahisi umeshika barafu. Gari hili nyuma yangu ni Land Rover 110, wengi tunaiita wan-ten, yenye injini ya 300Tdi: dizeli, lita 2.5, silinda nne, ina tabo. Injini hizi zilianza kufungwa kwenye Defender mwaka 1994. Hii imebeba viazi huko Makete miaka mingi, mwenyewe akaiegesha chini ya mti, mimi nikamwomba aniuzie. Sikuwa fundi na mpaka leo sijiiti fundi. Nitawaonyesha nilichofanya kwa mikono yangu, na kazi ambayo si ya mwanafunzi nitakwambia wazi kwamba mpe fundi.

Nianze na kosa langu, maana ndilo lililopanga mpangilio wa video hii. Wiki ya kwanza nilinunua matairi makubwa na ngao ya mbele. Gereji moja wakaniambia mfumo wa maji uko vizuri, nami nikaamini bila kufungua chochote. Nikapanda nalo barabara ya Chunya. Pale kwenye mlima wa Kawetere nikasikia harufu tamu, ile ya kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya rejeta. Nikatazama mshale wa joto, uko katikati, nikaendelea. Mita mia tano mbele gari likakosa nguvu. Maji yote yalikuwa yametoka kupitia kizibo cha plastiki kilichopasuka. Na mshale haukupanda kwa sababu kile kipima joto kinasoma vizuri kikiwa ndani ya maji; maji yakiisha kinabaki hewani na kinakudanganya. Silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ilipinda, gasketi ikaungua. Kwa hiyo leo tunaanza na maji.

Lakini kama bado hujanunua, nipe dakika moja. Kwanza kadi. Namba ya chasisi ya magari haya inaanza na SAL, na kwenye chasisi yenyewe imegongwa upande wa kulia mbele, karibu na springi. Piga brashi ya waya, isome mwenyewe, ilinganishe na kadi, kisha namba ya injini nayo. Zisipolingana, ondoka, hata kama bei ni tamu kiasi gani. Zikilingana, badilisheni umiliki TRA mapema, kabla hujaweka hata senti ya spea.

Pili, nyundo ndogo na bisibisi. Watu wanakagua bodi, wanaona haina kutu, wanafurahi. Bodi ya Land Rover hii sehemu kubwa ni aluminiamu, haiwezi kuonyesha kutu ya chuma. Ugonjwa uko chini: chasisi ni chuma. Lala chini, gonga boriti ya nyuma kabisa, gonga ile mikono inayotoka kwenye chasisi kushikilia bodi, gonga pembe za sakafu anapoweka miguu dereva na abiria. Sikiliza. Hapa... ngwa, ngwa, chuma kizima. Na hapa... mnasikia? Sauti imekufa. Nasukuma bisibisi, inaingia. Hii tutaichomelea baadaye. Matundu mawili matatu kwenye mikono ya pembeni yanatengenezeka. Chasisi iliyooza pale springi zinapokaa, achana nayo.

Haya, gari ni lako, liko uani. Usilifungue lote. Wageni wengi tunavunjika moyo hapo, gari linakuwa lundo la vyuma na kila nati haijulikani ilikotoka. Fungua mfumo mmoja, umalize, ufunge, ndipo uhamie mwingine. Piga picha kabla ya kugusa, na bolti weka kwenye makopo yenye maandishi.

Sasa jeki, na hapa naomba usikivu wako wote. Breki ya mkono ya Land Rover hii haishiki matairi. Inashika shafti inayotoka nyuma ya transfa, lile boksi linalogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma. Ukiinua tairi moja la nyuma, difu, zile gia za katikati ya ekseli zinazoacha tairi moja lizunguke tofauti na mwenzake, inaruhusu tairi lile kuzunguka hewani, na gari linaweza kutembea likakuangukia ingawa umevuta breki ya mkono. Kwa hiyo funga difu loki, inayoziunganisha ekseli za mbele na za nyuma zizunguke pamoja, kwa kusukuma ule mkono mfupi wa gia kushoto, hakikisha taa yake kwenye dashibodi imewaka, weka kabari mbele na nyuma ya matairi yaliyobaki chini, na chini ya chasisi weka stendi za chuma. Matofali hapana. Tofali letu la kuchoma linapasuka bila kukuaga.

Tuje kwenye maji. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha kichupa cha akiba, kisha mwaga maji yote kwenye karai kwa kuchomoa mpira wa chini wa rejeta. Tazameni rangi hii: kahawia kama chai ya rangi. Mwenye gari alikuwa anaongeza maji ya kijito peke yake. Silinda hedi ya injini hii ni aluminiamu na bloku ni chuma, na madini hayo mawili yakikaa kwenye maji matupu yanaliwa. Pitisha maji safi mpaka yatoke meupe.

Hiki hapa ndicho kilichonisimamisha Kawetere. Nasogeza kamera. Kizibo cheusi cha plastiki, kipo juu ya nyumba ya thamostati, ile valvu inayofungulia maji njia ya kwenda rejeta injini ikipata joto, na kuna kingine juu ya rejeta. Kwa miaka mingi ya joto plastiki inakuwa kavu kama biskuti. Ona nywele hii ya ufa, inazunguka kwenye kichwa cha kizibo; kwa macho ya haraka huioni, nimeipata kwa kupitisha ukucha. Nunua vizibo vya brasi, pamoja na oringi zake mpya. Nilivipata Mwanjelwa kwa wauza spea. Fungia kwa mkono kwanza mpaka ushike uzi vizuri, maana brasi ukiilazimisha inakula uzi wa plastiki wa rejeta.

Thamostati tunaipima jikoni. Sufuria ya zamani, isirudi tena kupikiwa, maji, na thamostati imening'inizwa kwa uzi isiguse chini. Hii imeandikwa 88, yaani nyuzi joto inazoanza kufunguka. Hapa tulipo, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji kwenye sufuria iliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Kwa hiyo lazima ianze kufunguka kabla maji hayajaanza kutokota. Subirini... inafunguka. Nzima. Na sababu hiyohiyo ya mwinuko ndiyo inayonifanya nisisitize kifuniko cha kichupa cha maji. Kazi yake ni kushikilia presha ili maji yasichemke mapema. Mpira wake ukilegea, ukipanda Kitulo kwenye mita 2,600 maji yatachemka kwenye nyuzi 91 tu, wakati thamostati ndiyo kwanza imefunguka. Kifuniko kipya si cha kubania hela.

Kujaza kuna namna yake. Changanya kulanti na maji safi nusu kwa nusu. Ondoa kizibo cha juu ya thamostati na kile cha juu ya rejeta, mimina kwenye kichupa taratibu. Rejeta ikijaa, funga kizibo chake. Malizia kumimina moja kwa moja kwenye tundu la thamostati mpaka yafurike bila mapovu, funga. Hewa ikibaki humo ndani, hedi inapata joto sehemu moja na unarudi kulekule nilikotoka mimi. Washa, iache ipate joto, izime, ikipoa kabisa angalia kimo tena. Nimeongeza pia kengele ya maji kupungua, kisensa kidogo ndani ya mfumo na taa nyekundu mbele yangu. Kati ya vyote nilivyoongeza kwenye gari hili, hicho ndicho ningekiweka wa kwanza.

Breki. Huku kwetu kuna barabara ya Chimala kupanda Matamba, ile ya kona 57. Kushuka pale na mafuta ya breki ya zamani ni hatari kweli. Mafuta haya yanavuta unyevu kutoka hewani, na breki zikipata moto ule unyevu unageuka mvuke, pedali inakwenda mpaka chini na gari haisimami. Mwaga yote, weka mapya ya DOT 4. Kutoa upepo anza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali ya breki; kwa usukani wa kulia ni nyuma kushoto. Mdogo wangu yuko ndani. Dogo, kanyaga, shikilia! Nafungua nati, mapovu yanatoka kwenye mpira ulioingia chupani, nafunga, achia. Rudia mpaka mapovu yaishe, na kila baada ya mara chache ongeza mafuta juu. Mipira ya breki inayokwenda kwenye matairi ikunje kwa vidole: ikionyesha nyufa, badilisha. Kalipa, zile zinazobana pedi za breki, zikiwa zimeganda, masta silinda ikivuja, mpe fundi. Hilo si la kujifunzia.

Mkanda wa taimingi, unaofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio, nao ni wa fundi, ila kuukagua unaweza. Chini ya kava la mbele la injini kuna kizibo kidogo. Kifungue, ingiza kidole. Kikitoka na unga mweusi wa mpira, mkanda unasagika pembeni; 300Tdi za mwanzo zilikuwa na shida ya kapi, gurudumu la mkanda, kutokaa sawa, mkanda ukajila ukingo. Ikitoka oili, kuna oili sili imekufa. Vyovyote vile, kama hujui mkanda ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Kizibo chenyewe kinafungwa unapovuka mto tu. Ukishavuka kitoe, ili maji na oili vipate pa kutokea.

Oili zote nilibadilisha kwa siku moja: injini, gia boksi, transfa, difu zote mbili. Usimwage bila kutazama. Rangi ya maziwa maana yake maji yameingia.

Kutu ya ile mikono ya chasisi nilipeleka kuchomelewa. Kabla mchomeleaji hajagusa, chomoa nyaya za betri na za oltaneta, na tangi la dizeli likiwa karibu liondolewe. Akimaliza, brashi ya waya, rangi ya kuzuia kutu, halafu kwa ndani ya boriti pulizia mafuta mazito kupitia matundu ya chasisi, maana kutu ya chasisi inaanzia ndani.

Umeme wa gari hili unatia moyo sana kwa anayeanza. Zenye gia za mkono, kama hii, hazina kompyuta ya injini. Juu ya pampu ya dizeli kuna kifaa cha kuzimia chenye waya mmoja. Waya ule ukipata umeme na dizeli ikafika, injini itawaka. Kwa hiyo kabla ya kutafuta uchawi, safisha athi: waya unaotoka betri kwenda kwenye chasisi na ule wa injini. Kwangu ulikuwa umevaa ukungu wa kijani. Nilipousugua kwa msasa, stata iliyokuwa inalia kichovu ikazunguka kwa nguvu. Asubuhi za baridi kama hizi zikikusumbua, kagua hita plagi, zinazopasha joto ndani ya silinda kabla ya kuwasha. Ziko nne. Chomoa waya wake, chukua taa ya kupimia, upande mmoja chanya ya betri, mwingine kichwani pa plagi. Taa ikiwaka, plagi hai. Mbili kati ya zangu zilikuwa zimekufa. Kwenye taa za mbele nimeweka relei, swichi ya umeme inayobeba mzigo wa taa, kwa sababu kiwandani umeme wote ulipitishwa kwenye swichi ya usukani, taa zikawa hafifu na swichi ikaungua. Kwenye ukungu wa Isyonje utanishukuru.

Sasa ndipo tunafika kwenye kuboresha, na kwangu orodha ni fupi. Matairi 235/85R16 ya tope: kimo chake karibu ni sawa na 7.50R16 ya zamani, kwa hiyo huhitaji kuinua springi na spidi mita haidanganyi. Bushi mpya na shokapu nne, gari likaacha kuyumba. Na mkonga, bomba la kuvuta hewa ya injini kutoka juu, nimeufunga kwa ajili ya vumbi la Chunya kuliko kwa mito. Kila kiungo chake nimekiziba, kwani hewa ikipenya kwenye kiungo inaingia na vumbi mpaka kwenye tabo. Winchi na kichanja cha juu sijaweka. Uzito wa juu kwenye kona zetu siutaki.

Safari ya majaribio: Uyole, Isyonje, mpaka ukingo wa Kitulo. Kila baada ya kilomita ishirini nilisimama, nikaweka kiganja karibu na kila ringi. Inayotoa joto kuliko wenzake, beringi imebanwa au breki inashika. Kaza tena nati za matairi. Chungulia maji bila kufungua kifuniko.

Mkirudi, fanyeni hivi kabla ya kulala. Tandaza boksi tupu chini ya gari, kuanzia injini mpaka difu ya nyuma. Hili ndilo la kwangu, la leo asubuhi. Chini ya injini, pakavu. Chini ya rejeta, pakavu. Hapa, chini ya transfa, tone moja, kubwa kama punje ya mahindi. Nalizungushia kalamu, naandika tarehe. Kesho natandaza tena palepale, nione kama ni moja au ni matatu.