Gemu nzuri bila kufilisika: RPG, mikakati na za mtandaoni

Haya jamani, tuanze. Mtu akiniuliza gemu gani ni ya bei nafuu, mimi namuuliza kwanza una mashine gani na intaneti yako ikoje, maana gemu inaweza kuwa ya bure kabisa halafu ikataka gigabaiti kibao za kupakua na kadi ya grafiki ambayo bei yake ingenunua gemu za mwaka mzima, hapo bure iko wapi?

Ndiyo maana ya kwanza kuwaambia ni Battle for Wesnoth. Ipo tangu 2003, ni ya bure, msimbo wake wa programu uko wazi kwa yeyote, haina duka ndani wala matangazo, na inakubali hata laptop ya zamani. Ni gemu ya mikakati ya kucheza kwa zamu, yaani unasogeza watu wako unamaliza, adui naye anasogeza wake. Lakini raha yake iko ndani zaidi. Kuna mchana na usiku, na askari wengi wa kibinadamu mchana wanapiga kwa nguvu zaidi kwa asilimia 25, usiku wanapungukiwa kiasi hichohicho, maorki, yale majitu ya hadithi, wao ni kinyume, kwa hiyo saa ya kushambulia ni uamuzi mzito, ukikurupuka jioni utajuta. Halafu kila askari ana jina lake, anapata uzoefu, anapanda daraja, na kwenye kampeni, yaani mapambano yanayofuatana kwa hadithi moja, unamwita tena pambano linalofuata. Akifa kafa! Hapo ndipo inakuwa kama RPG, yaani gemu ya kumkuza mhusika wako, unamlinda mpiga mishale mmoja umemkuza tangu mwanzo kama mwanao vile. Mimi naipenda sana hii gemu na sioni aibu kuirudia kila mahali.

Ukitaka ile ya kujenga miji na kukusanya kuni na mawe kila mtu akikimbia kwa wakati mmoja, kuna 0 A.D., nayo bure. StarCraft II, ya aina hiyohiyo, kampeni yake ya kwanza iliachiwa bure 2017, sehemu ya kushindana mtandaoni pia, ila vidole viwe vyepesi.

Sasa za mtandaoni, hapa muwe macho kweli. Jiulizeni hivi, gemu inauza nini? Dota 2, gemu ya timu mbili kupambana, inakupa mashujaa wote bure, kinachouzwa zaidi ni mavazi na urembo, mwenye hela hakuzidi nguvu. Hiyo ni haki. Path of Exile ya 2013 nayo ni bure, RPG ya kuua majitu na kuokota silaha, ina mti wa ujuzi mkubwa mpaka unatisha, ila ukikolea utatamani kununua nafasi za ziada za kuhifadhia vitu, nawaambia mapema mjipange. Final Fantasy XIV, RPG ya mtandaoni, ina jaribio la bure lisilo na kikomo cha siku, unafika mpaka leveli ya 70, hiyo hadithi ni ndefu sana kwa mtu asiyetoa hata senti. Gemu inayouza nguvu yenyewe, kwamba lipa ndio umpige mwenzako, achaneni nayo hata kama ni nzuri kwa macho.

Na kama intaneti inakatika katika, Dota mtaiumiza timu nzima, ukiacha mechi katikati unapewa adhabu, afadhali za zamu.

Za kulipia, msikimbilie ikitoka tu. Subirini punguzo, na duka la mtandaoni la Epic wanatoa gemu bure kila wiki, ukiichukua ni yako. Steam, duka lingine la mtandaoni, ukishanunua, ndani ya siku 14 na kama hujafikisha saa 2 za kucheza unaomba hela yako irudi, kwa hiyo zile saa mbili zitumie kuangalia kama mashine yako inaiweza, usizimalize kwenye kuchagua nywele za mhusika.

Haya, maswali, nani anaanza?