Dawa ya Kumlaza Mtoto Kabla ya Kipimo

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Dodoma na kwingineko. Leo tunamzungumzia mtoto wa miaka 2 anayetakiwa kupigwa picha ya MRI, yaani picha ya ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku, kipimo kisichouma hata kidogo, ila mashine inanguruma na inamtaka atulie tuli kwa nusu saa au zaidi. Kaka Yohana, wewe ni muuguzi wa usingizi, mnaanzia wapi?

YOHANA: Tunaanza kwa kujiuliza kama dawa inahitajika, dada. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 3 mara nyingi hunyonyeshwa akashiba, akaviringishwa vizuri, akalala mwenyewe. Kwa mkubwa kidogo ipo klorali haidreti, inayotumika kama dawa ya usingizi tangu mwaka 1869. Humlaza mtoto vizuri, lakini ni chungu, hutapisha, haina dawa ya kuizima, na mabaki yake hukaa mwilini kwa saa nyingi.

REHEMA: Hilo la mwisho linanitisha, maana mama wa Mpwapwa au Kondoa hurudi na mwanawe siku hiyohiyo kwa basi.

YOHANA: Ndipo penyewe. Mtoto aliyekwisha kuamka anaweza kusinzia tena safarini, kidevu kikaangukia kifuani na kubana njia ya hewa, huku mama akidhani ni uchovu wa safari. Kwa hiyo mimi huipima dawa kwa namna inavyomwacha mtoto, kuliko kwa kasi ya kumlaza.

REHEMA: Na midazolamu, ile dawa nyingine ya kutuliza?

YOHANA: Huondoa hofu, haidumu sana, na ipo dawa ya kuizima, flumazenili. Hata hivyo, ikinywewa, watoto wengi hutulia bila kulala, na wachache hugeuka wakali wakarusha mateke. Kwa eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, yaweza kutosha, kwa MRI mara nyingi haitoshi. Ketamini nayo sifa yake kubwa ni kuua maumivu, na hapa hakuna maumivu ya kuua.

REHEMA: Basi wewe ungechagua ipi?

YOHANA: Ikiwepo, deksmedetomidini ya kudondoshwa puani, mikrogramu 2 hadi 4 kwa kila kilo. Usingizi wake unafanana na ule wa kawaida, wala hausumbui sana upumuaji, ndiyo maana inafaa hata kwa kipimo cha umeme wa ubongo. Hukawia karibu nusu saa, na hupunguza mapigo ya moyo, hivyo mwenye hitilafu ya mapigo hayo simpi.

REHEMA: Na uji wa asubuhi, anywe kabla ya dawa?

YOHANA: Uji ni chakula, dada, kwa hiyo tunahesabu muda wa saa 6 tangu aunywe hadi apewe dawa. Maziwa ya mama ni saa 4, maji matupu saa 2.

REHEMA: Mnamruhusu lini?

YOHANA: Namweka mahali pa kimya bila kumchokoza. Akikaa macho dakika 20 kwa nguvu zake mwenyewe, anaondoka. Akisinzia, mama wa Mpwapwa namwomba apande basi la kesho.