Mbishi Aliyetaka Kushindwa

Hamjambo nyote, na wazee wangu shikamooni. Nimepewa dakika 40, nami nitajitahidi nisizizidi, maana wengine mna feri ya kuwahi.

Ijumaa iliyopita tuliangalia pamoja The Awakening, filamu ya Kiingereza ya mwaka 2011 iliyoongozwa na Nick Murphy. Mwishoni niliwagawia vikaratasi, kila mmoja aandike maoni yake kwa sentensi mbili tatu bila kuweka jina. Nimevisoma vyote. Kimoja kimeandikwa "Nililala." Mwandiko naujua, ila leo nitamsitiri.

Kwa ambao hamkuwepo: ni mwaka 1921, Uingereza. Florence Cathcart, anayechezwa na Rebecca Hall, kazi yake ni kuwaumbua watu wanaodai kuita roho za wafu. Anaingia kwenye kikao chao kama mfiwa, anakaa kimya, kisha anafungua mapazia. Mwalimu mmoja aliyerudi kutoka vitani, Robert Mallory, anakuja kumwomba aende kwenye shule yao ya bweni, ya wavulana. Mtoto mmoja amefariki, na wenzake wanasema kuna kitoto kinachoonekana kwenye picha za darasa kila mwaka, uso umefifia. Bibi huyu anakwenda. Mimi nitasimulia hadi mwisho, kwa hiyo anayetaka kuitazama kwanza, kahawa iko pale nje.

Nianze na neno. Kwenye vikaratasi mmoja kaandika "jini", mwingine "mzimu", mwingine "pepo", na vijana wengi wameandika "mzuka". Haya si mamoja. Jini ni kiumbe kivyake, hakuwahi kuwa mtu. Pepo humpanda mtu, akatolewa kwa ngoma au kwa kisomo. Mzimu ni wa ukoo, una mahali pake na una madai yake. Ndugu zetu Wagiriama husema koma, na koma akikujia ndotoni hakuja kukutisha, amekuja kudai anachodai. Mzuka je? Mzuka ni kile kinachozuka, basi. Sasa angalieni ujanja wa filamu hii. Florence anatega nyuzi zenye kengele kwenye korido, anamwaga unga sakafuni anase nyayo, anapima joto la vyumba, anatega kamera. Mitego yote hiyo ni ya kunasa kinachozuka. Nasi tunamfuata tukikodolea macho giza. Kumbe marehemu hajazuka hata mara moja. Ni Tom, yule mtoto mwenye adabu aliyebaki shuleni wenzake walipokwenda likizo, anayekaa na Florence na kuzungumza naye mchana kweupe. Mmoja wenu kaandika kwamba alirudia filamu nzima nyumbani kutafuta mtu mwingine anayemsemesha Tom. Kazi nzuri hiyo. Mimi nilipoitazama mara ya kwanza nilipitwa kabisa.

Tuje kwenye kofi. Vikaratasi vingi vimelitaja kuliko hata ule mwisho, na sikulitarajia. Ni mwanzoni kabisa. Florence ameshaivuruga hadaa, polisi wameingia, na yule binti wa mizuka amevuliwa nywele za bandia akatokea mvulana. Mama mmoja aliyekuja kutafuta mtoto wake anamwendea Florence, na badala ya kumshukuru anamzaba kofi. Dada mmoja ameandika, nasoma: "Alistahili. Angemwachia yule mama asubuhi moja tu." Mwingine kaandika kinyume chake, kwamba matapeli wale walistahili jela na kofi lilimwendea asiyehusika.

Ili kulipima kofi lile lazima tujue mwaka 1921 ulikuwa mwaka gani. Uingereza ilikuwa imepoteza watu zaidi ya 700,000 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na homa kubwa ya 1918 ikachukua zaidi ya 200,000 wengine. Serikali iliamua kwamba maiti za askari hazitarudishwa nyumbani, watazikwa walikofia. Na wengi hawakupatikana cha kuzikwa. Novemba 1920 walimchukua askari mmoja asiyejulikana jina, wakamzika Westminster Abbey pamoja na wafalme. Fikirini mama aliyesimama pale kwenye msururu. Huyu anaweza kuwa wangu. Anaweza pia asiwe wangu. Hapa Mombasa hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa hili: ile sanamu ya askari pale Digo Road ni ya vita hivyo hivyo, na wapagazi wetu waliokufa kwa njaa na kuhara njiani kuelekea kusini, wengi wao hata ukoo haujui walilala wapi.

Katika hali hiyo, mtu akikuambia mwanao yuko hapa chumbani, anakusikia, mpe shilingi kadhaa, utafanyaje? Na msidhani waliokwenda ni wajinga. Sir Oliver Lodge, mwanafizikia aliyeshiriki kuvumbua redio, mwanawe Raymond aliuawa 1915, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kizima kuhusu mazungumzo yake na mwanawe huyo. Sir Arthur Conan Doyle, daktari, mtu aliyembuni Sherlock Holmes, mpelelezi anayedai ushahidi wa kila kitu, alimpoteza mwanawe Kingsley mwaka 1918 na ndugu yake mwaka uliofuata, akaizunguka dunia kuhubiri kwamba wafu wanasema nasi. Alifika hadi Nairobi mwaka 1929 akatoa mhadhara. Inasimuliwa kwamba alipoonyesha picha ya mzuka ukutani, mtu mmoja alisimama ukumbini akasema, samahani bwana, huyo mzuka ni mimi. Natamani ningekuwepo.

Waumbuaji nao walikuwepo kweli, Florence hakubuniwa hewani. Mwaka 1922 Harry Price alimwendea William Hope, mpigapicha ambaye wateja wake walikuta sura ya marehemu nyuma ya bega lao. Price alikwenda na vioo vyake vya picha, amevitia alama ya siri kwa eksirei. Picha ikatoka na "roho" yake vizuri tu, ila kioo hakikuwa na alama. Kilikuwa kimebadilishwa gizani. Na huko Marekani, ambako dini hii nzima ya kuita roho ilianza 1848 kwa wasichana wa familia ya Fox na sauti zao za kugonga usiku, mmoja wao alikiri jukwaani mwaka 1888 kwamba sauti zile walizitoa kwa vifundo vya vidole vya miguu.

Hapa ndipo penye lalamiko kubwa la vikaratasi, na nalikubali. Kijana mmoja kaandika: "Kwa nini kwenye filamu za namna hii asiyeamini lazima aadhibiwe?" Ni kweli. Nje ya sinema mbishi alishinda karibu kila mara. Ndani ya sinema anafikishwa kwenye magoti, analia, anaomba radhi. Sababu yake ni ya biashara: mtu amelipia tiketi ya mzuka, na ukimwambia baada ya saa moja na nusu kwamba ulikuwa upepo, atadai pesa yake. Kwa hiyo tangu picha ya kwanza kamera iko upande wa mzuka, na mbishi anabishana na mtu mwenye hati ya nyumba.

Lakini kijana wangu, Florence hatazamwi hivyo tu. Rudia ile asubuhi baada ya kikao. Amewanasa matapeli, ameshinda. Mbona anaonekana kama mtu aliyetoka mazikoni? Mchumba wake alikufa vitani, na kasha lake la sigara bado analibeba. Kila anapoingia kwenye chumba cha giza anatumaini kwamba safari hii hatapata uzi wala pazia wala mvulana mwenye nywele za bandia. Anataka kushindwa. Kila hadaa anayoifichua inamnyang'anya yeye kwanza. Yule mama aliyempiga kofi hakujua kwamba wote wawili walikuja kwenye kikao kile na haja moja, tofauti ni kwamba Florence hakukubali kupewa bandia.

Na mtu wa aina hiyo aliishi. Harry Houdini, yule mfungua minyororo, aliwaandama waita roho miaka mingi kwa sababu alizijua hila zote, na kwa sababu mama yake, aliyefariki 1913, hakuna aliyeweza kumrudisha. Juni 1922, Atlantic City, mke wa Conan Doyle aliketi naye chumbani akasema mama amefika, akaanza kuandika, mkono unakwenda mbio. Kurasa 15. Juu kabisa akachora msalaba. Houdini akazisoma kimya. Zilikuwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mama yake hakuisema, na msalaba ule umetoka kwa mke wa rabi wa Kiyahudi! Alikaa miezi kadhaa kabla ya kusema hadharani kwamba hakuamini, na urafiki na Doyle ukafia hapo. Mimi huiwaza ile dakika kabla hajaanza kusoma, karatasi ziko mkononi, bado hajajua ni lugha gani.

Filamu yetu ina dakika kama hiyo. Florence anaikuta nyumba ya wanasesere, mfano mdogo wa shule yenyewe. Anainama, anachungulia chumba kimoja kimoja. Kila chumba kina yaliyompata tangu afike: huyu hapa kitandani, huyu hapa kwenye ngazi. Anaendelea hadi anafika kwenye chumba ambamo kisanamu chake kimeinama kikichungulia nyumba ndogo zaidi. Nyuma ya kisanamu hicho amesimama mtoto. Hakuna muziki wa kugutusha wala mlango uliobamizwa. Ana muda wa kuelewa anachokitazama kabla ya kugeuka, nasi tunao pia. Ukumbi mzima huu ulinyamaza, hata yule aliyelala naamini aliamka.

Baada ya hapo filamu inaanza kujikwaa, na waliosema hivyo wana haki. Mtunza shule anayemvamia Florence msituni hakuhitajika. Hofu ilikuwa inatosha, wakaongeza na hiyo. Kisha siri zinamwagwa zote kwa pamoja: nyumba hii ni ya kwao, baba yake aliua, Tom ni ndugu yake wa baba, Maud mtumishi ni yaya wake wa zamani na ndiye mama wa Tom. Mzee mmoja kaandika, "Nilihitaji kalamu." Nami pia, mzee wangu. Ila yaya yule, Imelda Staunton, anapomtilia Florence sumu ili mwanawe apate mwenza wa kucheza naye, sikumwona kama mwovu wa filamu. Ni yule mama wa kofi, amepewa asubuhi yake, na hataki iishe.

Basi tumebaki na ugomvi mkubwa. Tom amekimbia kumletea dawa ya kuitapisha sumu. Picha inayofuata, Florence anapita katika shule iliyojaa wazazi na wanafunzi, na watu wanampita kana kwamba hayupo. Robert anazungumza naye. Mnaosema amekufa mnauliza kwa nini hakuna mwingine aliyemtazama. Mnaosema yu hai mnajibu kwamba mwanamke aliyeiaibisha shule hatarajiwi kuagwa kwa heshima, na kwamba anaongea kama mtu mwenye safari mbele yake. Mimi naona yu hai. Ila kumbukeni Tom tulivyokosea kumhesabu, wala sitabishana na mtu.

Hebu tuhesabu. Wanaosema yu hai, mikono juu. Shukrani, shusheni. Wanaosema amekufa? Mama yangu, wewe wa pale nyuma, naona umeinua mara zote mbili. Mpelekeeni kipaza sauti, tuanze na yeye.