Korosho, Kauli na Kura

MPWA: Shikamoo mjomba, na karibuni nyote mnaotusikiliza. Tunarekodi hapa Shangani, Mtwara mjini, na leo tunazungumzia namna marais wetu wanavyotawala kwa kauli, na namna desturi hiyo inavyofika hadi kwenye kura. Nilikuomba uje na ile stakabadhi yako ya korosho.

MJOMBA: Marahaba, mwanangu. Ninayo hapa ndani ya mfuko wa nailoni. Wino wake umepauka, lakini uzito bado unasomeka: kilo 412, msimu wa 2018/2019. Wakati huo nilikuwa karani wa chama chetu cha msingi, kwa hiyo nilikuwa mpimaji na mdai kwa wakati mmoja.

MPWA: Tuwaeleze kidogo wasiolima korosho. Mkulima hupeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, unakwenda ghala kuu, kisha wanunuzi hushindana mnadani. Oktoba 2018 bei walizoleta zilikuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, ilhali msimu uliotangulia zilikuwa zimegusa 4,000, na wakulima wakakataa kuuza. Tarehe 10 Novemba Rais Magufuli akawaondoa waziri wa kilimo na waziri wa viwanda na biashara, na siku mbili baadaye, alipokuwa akiwaapisha wapya, akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 na kwamba magari ya jeshi yatakuja kuibeba.

MJOMBA: Nilipiga makofi, wala sioni haya kusema. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za ghala, redio imewekwa juu ya gunia, na ile 3,300 ilipotajwa mzee mmoja alivua kofia akairusha juu. Elewa kwamba watu wale walikuwa wamepunjwa miaka na miaka, wengine wakiuza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya chama, shambani korosho ikiwa bado mtini kwa sababu ya ada ya shule, na sasa mkuu wa nchi anaitaja bei yao kwa kinywa chake.

MPWA: Furaha hiyo siikatai. Ninachouliza ni kwamba fedha ilitoka fungu gani, kwa sababu bajeti iliyopitishwa Juni mwaka huohuo haikuwa imepanga ununuzi wa namna hiyo. Na katika kikao hichohicho cha Juni, Bunge lilikubali kuondoa ile asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho nje ambayo sheria ilikuwa imeitenga kwa ajili ya kuendeleza zao, ushuru wote ukaenda hazina. Wabunge wa kusini, wa CCM na wa CUF, walipinga, Nape Nnauye wa Mtama akiwa mmojawapo, lakini hawakusikilizwa. Kwa hiyo haki iliyoandikwa iliondoka Juni, na zawadi isiyoandikwa ikaja Novemba, nasi tukaishangilia zawadi.

MJOMBA: Na yale ya Juni ndiyo yaliyotuumiza zaidi, ingawa tulichelewa kuyaona. Mkorosho usipopulizwa dawa ya salfa wakati wa kuchanua, ugonjwa wa ubwiriunga unaingia, maua yanakuwa kama yamemwagiwa majivu, na hapo hakuna korosho tena. Zamani kidogo ushuru ule ulitusaidia kupata salfa. Mwaka 2019 hatukuwa na ushuru, na malipo nayo yalikuwa yamekwama kwenye uhakiki: thibitisha una shamba, thibitisha hukununua kangomba, rudi wiki ijayo. Wapo waliosubiri hadi msimu mwingine ukaanza, na palizi hawakufanya. Niwe mkweli, wanajeshi walifanya kazi yao vizuri, sijawahi kuona mzigo ukipangwa kwa unadhifu ule. Ila mzigo uliopangwa vizuri bado unataka mnunuzi. Januari 2019 ulisainiwa mkataba wa tani 100,000 na kampuni moja ya Kenya, na kufikia Mei serikali yenyewe ikauvunja.

MPWA: Kauli ina upungufu huo, kwamba haina kifungu unachoweza kukikatia rufaa. Angalia mikutano ya hadhara. Mwaka 2016 ilizuiwa kwa tamko la Rais Magufuli, ilhali Sheria ya Vyama vya Siasa ilikuwa inairuhusu. Januari 2023 Rais Samia akaondoa zuio hilo, naye pia kwa tamko.

MJOMBA: Hapo nakupinga, usiwapike chungu kimoja. Yule alifunga na huyu alifungua. Alizungumzia maridhiano, akakaa meza moja na wapinzani, na hapa Mtwara bendera zilianza kupepea tena.

MPWA: Alifungua, nakubali, na anastahili sifa kwa hilo. Lakini sisi tulipokea ruhusa mahali ambapo tulipaswa kupokea haki, na ruhusa huwa inarudi kwa mwenyewe. Aprili 2025 Tundu Lissu, mwenyekiti wa CHADEMA, alikamatwa Mbinga, jirani zetu wa Ruvuma, baada ya mkutano wa hadhara, akashtakiwa kwa uhaini. Siku chache baadaye CHADEMA ikaambiwa haitashiriki uchaguzi kwa kuwa haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo naye akaondolewa kwenye orodha ya wagombea urais. Ikafika Oktoba 29, watu wakaandamana, intaneti ikazimwa, watu wakauawa, na Tume ya Uchaguzi ikamtangaza Rais Samia kuwa mshindi kwa asilimia 97.66. Rais mwenyewe alikiri kwamba kuna waliopoteza maisha, kisha akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Sina neno baya juu ya jaji huyo, ila sielewi inawezekanaje serikali inayotuhumiwa ndiyo iwe inateua wa kuichunguza.

MJOMBA: Asilimia 97! Chama chetu cha msingi kina wanachama wasiozidi mia tatu, wengi wao ndugu, na hatujawahi kufikisha idadi hiyo hata kwenye hoja ya kununua mizani mpya.

MPWA: Na hiyo 97 huwezi kuipeleka popote. Ushindi wa mbunge au wa diwani unaweza kupingwa mahakamani, lakini Ibara ya 41(7) ya Katiba ya 1977 inasema kwamba Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mahakama ya Afrika, ambayo makao yake yako Arusha, ndani ya nchi yetu wenyewe, ilihukumu Julai 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Kimebaki palepale. Mwaka huohuo Malawi, ng'ambo tu ya Ziwa Nyasa, majaji walifuta uchaguzi wa Rais aliyekuwa madarakani, ukarudiwa, na nchi haikuzama.

MJOMBA: Ndiyo maana ukaniambia nije na karatasi hii. Nilipocheleweshewa malipo niliishika mkononi, nikaenda ghalani, nikaenda wilayani, nikasema kilo zangu 412 ziko wapi, na hatimaye nililipwa. Kura yangu ya Oktoba 28, 2020 sina wa kumuuliza ilikokwenda. Nilibaki na wino kidoleni, ukatoka kwa limau.

MPWA: Swali la mwisho basi, mjomba. Rais akitangaza kesho kwamba ananunua korosho yote kwa shilingi 5,000, utapiga makofi?

MJOMBA: Nitapiga, nisikudanganye, nina mikopo. Lakini nikimaliza nitamfuata karani nimuulize fedha hiyo imo kwenye fungu gani, na akisema hajui sitapakia hata gunia moja.

MPWA: Mwaka 2018 karani ulikuwa wewe.

MJOMBA: Nilikuwa mimi. Na hakuna aliyeniuliza.