Kupima Hisia na Juhudi za Akili kwa Vihisi vya Mwilini

Ndugu wasikilizaji,

Kifaa kinachovaliwa mkononi hakipimi hofu wala furaha. Vihisi vyake hupima jasho, mtiririko wa damu na joto la ngozi. Yanayobaki ni tafsiri yetu, ingawa wauzaji wa vifaa hivyo hawapendi kulisema hilo waziwazi.

Tuanze na ngozi. Mwaka 1888 Mfaransa Charles Féré alionyesha kwamba mtu anaposhtuliwa, ngozi yake hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Tezi za jasho za kiganjani huamrishwa na neva zilezile zinazouandaa mwili kwa dharura. Mwite mtu jina lake ghafla: itapita sekunde moja hadi tatu, kisha mstari kwenye skrini utapanda kwa sehemu ndogo ya mikrosimensi, yaani kipimo cha jinsi ngozi inavyopitisha umeme, na kushuka taratibu. Mstari huo hupanda vilevile kwa habari njema, kwa habari mbaya, na hata mtu akivuta pumzi kwa nguvu, kwa hiyo unatueleza kiasi cha msisimko bila kutueleza ni msisimko wa nini.

Kuhusu moyo, watafiti huangalia jinsi muda kati ya pigo na pigo unavyobadilikabadilika. Mabadiliko hayo mara nyingi hupungua kazi ya akili inapokuwa nzito, lakini huvurugwa pia na kuzungumza au kuinuka kitini.

Kwa juhudi za akili, mimi naiamini zaidi mboni ya jicho. Mwaka 1966 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Jackson Beatty waliwasomea watu tarakimu za kushika kichwani. Mboni zilipanuka kwa kila tarakimu iliyoongezwa, zikasinyaa kadiri walivyozitaja tena. Kasoro yake ni kwamba mwanga huitikisa mboni kuliko fikra yoyote, hivyo miwani yenye kamera ya kupima mboni hufanya vizuri maabara na kuyumba barabarani.

Ndiyo maana mtafiti makini humpima kwanza mtu akiwa ametulia, humlinganisha na nafsi yake mwenyewe, kisha humuuliza anavyojisikia. Dodoso la NASA-TLX la mwaka 1988, ambalo mtu hulitumia kueleza kazi ilivyomlemea kwa vipengele sita, bado hutumika sambamba na vihisi.

Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 2 Februari 2025, umepiga marufuku mifumo ya akili bandia inayokisia hisia za watu kazini na shuleni kutokana na vipimo vya miili yao, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Uchovu wa rubani au dereva, kwa mujibu wa sheria hiyo, hauhesabiwi kuwa hisia, na naona hapo watunga sheria walielewa vihisi hivi vinaweza nini.