Mfuko wa Saruji Uacheni Nyumbani
(Maneno kwa wanafunzi kabla ya safari ya Kaole na Bagamoyo)

Marahaba, marahaba. Kaeni. Najua basi liko nje na mnataka kufika kwenye magofu ya Kaole kabla jua halijawa kali. Nimeombwa niseme maneno machache, na walioniomba wananijua, kwa hiyo lawama ni zao.

Historia ya Kaole mtaelezwa hukohuko. Mimi ninalo moja tu. Mkishuka, msikimbilie mbuyu kupiga picha. Nendeni ukutani. Sogea mpaka pua ikaribie kugusa. Utaona mawe ya matumbawe, lile jiwe lenye vitundu kama mkate wa kumimina, na katikati yake chokaa. Chokaa hiyo ni matumbawe pia: yalipangwa juu ya rundo la kuni, yakachomwa, yakamwagiwa maji, yakaachwa yakae muda mrefu hadi yalainike. Kwa hiyo jiwe na kinachoshika jiwe ni ndugu. Maji ya mvua yakiingia, hutoka. Ndiyo maana kuta hizi zimevuka karne na karne.

Sasa anakuja fundi na mfuko wa saruji.

Wanaonijua wameanza kucheka. Chekeni. Kuna msikiti mdogo huku pwani, sitautaja. Wazee walichanga, akaja na mfadhili, ukuta wote ukapigwa plasta ya saruji na rangi nyeupe. Siku ya kuufungua tulikula pilau, nami nilikula, sikatai. Masika ya tatu nikaitwa nikaangalie. Rangi imevimba usawa wa goti. Nikagonga kwa kifundo cha kidole: ng'o ng'o ng'o, kama debe tupu. Penye ufa nikaingiza ukucha, plasta ikabanduka kipande kizima, upana wa sinia. Nyuma yake ukuta wa zamani umelowa chepechepe, chokaa imekuwa kama uji wa mtoto, na chumvi imetanda nyeupe kama kwenye papa mkavu. Saruji haina kosa yenyewe, ni ngumu na haipitishi maji. Unyevu unapanda kutoka ardhini, unafika hapo, unakuta mlango umefungwa. Utoke wapi? Unabaki ndani unakula ukuta taratibu.

Nikawaeleza wazee. Fundi akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Mzee, hapa tuongeze koti la pili." Akaleta mifuko sita. Nikashindwa. Sijapita njia ile tena.

Naona mkono kule nyuma, na swali nalijua: chokaa ya kuchoma utaipata wapi leo, na matumbawe na mikoko haikatwi ovyo? Kweli, na isikatwe. Lakini chokaa ya mifuko inauzwa. Kinachokosekana ni subira ya kuiloweka, maana mwenye mradi anataka kukabidhi kazi Ijumaa.

Mwingine atasema: "Mbona kanisa la Mkunazini, Unguja, paa lake ni zege na limesimama?" Hilo hunipendeza. Askofu Steere alianza kulijenga mwaka 1873, palipokuwa na soko la watumwa, na wengi walikuwa na hakika paa lile litaanguka. Halikuanguka. Lakini lilibuniwa hivyo tangu mwanzo. Hakuna aliyekuja baadaye kulibandika juu ya kazi ya marehemu. Na mkifika kule siku moja, tazameni nguzo fupi za ndani, inasimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha kichwa chini wakati askofu hayupo. Hata hizo ziliachwa vivyo hivyo. Kosa la zamani nalo ni la kutunzwa.

Nimepita muda. Dereva ananitazama.

Makaburi ya nguzo, yaani yale yaliyosimamishiwa nguzo ya mawe, upesi. Mtaona vishimo vya duara kwenye baadhi ya nguzo za pwani hii. Vilikuwa na bakuli na sahani za Kichina zilizopachikwa kwa mapambo. Nyingine ziko makumbusho. Nyingine ziko kwa watu, na watu hao wanajijua. Kwenye kaburi la Sharifa, hapohapo Kaole, watu bado huja na nia zao, kwa hiyo ukimkuta mtu anaomba dua, weka simu mfukoni.

Bagamoyo, kwa mapadri, mtaoneshwa mnara ulikolazwa mwili wa Livingstone Februari 1874. Mkishaambiwa hilo, ulizeni nani walioubeba kutoka Chitambo, kijiji alikofia, Zambia ya leo, zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano kwa miguu, miezi mingi. Susi na Chuma na wenzao. Nilitaka kulizungumza hili kwa urefu, lakini saruji imekula muda wangu, kama ilivyo kawaida yake.

Haya, swali moja. Wewe binti. Kigae? Kilichoanguka chini, kidogo tu, cha kumbukumbu? Hapana. Hata kikiwa kama ukucha. Kigae kikiwa pale alipokiacha mwenyewe kinasema jambo, kikiwa kwenye kabati lenu ni takataka. Mkirudi jioni nitakuwa hapa mlangoni, nami nitakagua mifuko. Sitanii.