Kelele Ndani ya Picha Isiyo na Sauti

Ndugu zangu, kabla sijasema lolote, itazameni hii picha ukutani. Ni chapa, yaani picha iliyopigwa kwenye karatasi kutoka bamba lililochongwa, kazi ya William Hogarth, mchoraji wa London, mwaka 1741. Mpiga fidla yuko dirishani, kaziba masikio kwa viganja vyote viwili, uso umemkunjamana. Sasa shukeni chini barabarani. Mnoa visu yuko kazini. Mtoto anapiga ngoma. Bwana mmoja anapuliza zumari hapo hapo chini ya dirisha, kama aliyetumwa. Mama aliyepakata mtoto anaimba nyimbo anazouza, na juu yake kasuku. Hata paka wa kwenye paa wanagombana!

Nauliza: anayechekwa hapa ni nani? Wengi hukimbilia kusema ni wale wapiga kelele. Mimi sikubali. Wengi wao wanatafuta riziki, na watoto wanacheza. Kichekesho ni huyu mpiga fidla anayekaa mjini halafu anataka mji unyamaze.

Hogarth alijifunza kazi ujanani kwa fundi wa kuchonga nakshi kwenye vyombo vya fedha, na mkono ule unaonekana. Chapa hutengenezwa hivi: mistari ya picha huliwa na asidi kwenye bamba la shaba, tena huchongwa kwa kijembe chembamba. Wino hupakwa, kisha hupanguswa ubaki ndani ya mikwaruzo tu. Karatasi yenye unyevu hulazwa juu yake, vyote vikapitishwa kwenye mtambo. Picha hutoka imegeuka, kulia kumekuwa kushoto. Kwa hiyo hata neno la bango la mtaani fundi hulichonga kinyumenyume. Jaribuni kuandika majina yenu hivyo, mtanielewa.

Bamba moja hutoa nakala nyingi, na wezi wa nakala hawakukawia. Hogarth na wenzake wakalisumbua Bunge la Uingereza mpaka ikapatikana sheria ya mwaka 1735, iliyomlinda mchongaji kwa miaka 14.

Mwaka 1751 akatoa chapa za kukemea jini, yaani pombe kali, msije mkadhani pepo. Bei ilikuwa shilingi moja moja, na mlevi aliyechorwa mle hakuwa na shilingi ya kuchezea. Lakini maduka ya chapa yalikuwa na desturi ya kutundika picha dirishani, watu wakasongamana nje kuzitazama bure. Na sidhani kama walikuwa kimya.